Unachekesha, au unachekwa?

Shikamoo Shangazi,
Nina miaka 25, mzaliwa wa Tabora, nasomea uhandisi wa ujenzi hapa Chengdu, China. Kichina nimekishika. Mwaka jana mwenzangu wa darasani alinipeleka kwenye ukumbi mdogo wa vichekesho, usiku ambao yeyote anaruhusiwa kupanda jukwaani. Nikapanda, wakacheka mpaka wakapiga meza. Tangu hapo mwenye ukumbi ananiita kila Ijumaa na kunipa yuani 300 mkononi. Ila anataka nizungumze Kichina cha kubabaika, nihangaike na vijiti vya kulia, kisha nimalizie kwa kukata mauno. Nikileta visa vyangu mwenyewe ananiambia watu hawakuja kusikia hayo. Ijumaa iliyopita nilirudi bwenini nikashindwa kulala. Lakini pesa inanisaidia, na jukwaa nalipenda. Mama hajui lolote. Niache?
Mtani wa Mbali, Chengdu

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hizo yuani 300, maana zinaweza kukurudisha Tabora kabla ya shahada. Wewe una kibali cha ukaazi cha mwanafunzi. Sheria ya China inayotumika tangu Julai 2013 inaihesabu kazi ya nje ya chuo isiyo na idhini kuwa ajira haramu. Faini ni yuani 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito unawekwa mahabusu siku 5 hadi 15 juu ya faini hiyo. Sidhani kama mwenye ukumbi anakulipa mkononi kwa bahati tu. Ijumaa hii usipokee. Nenda kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni hapo chuoni, uliza kama wanaweza kukuombea idhini. Wakikataa, chekesha kwenye sherehe za chuo mpaka umalize masomo.

Sasa lile lililokunyima usingizi. Umejiita mtani, na kama Tabora yako ni ya Kinyamwezi, basi mimi Mzaramo nina haki na wewe. (Mnyamwezi kusomea ujenzi! Sisi tuliwazoea kwa kubeba mizigo. Haya, nirudishie kwenye barua ijayo.) Msibani kwetu mtani hulala mbele ya jeneza, akasema marehemu alikuwa mlafi, na hainuki mpaka atupiwe chochote. Tunacheka na machozi hayajakauka. Asiye mtani akijaribu maneno yaleyale, anatolewa kwa fimbo. Mtani anaachwa kwa sababu kesho, msibani kwake, nitakayelala mbele ya jeneza ni mimi. Hapo ukumbini kwenu, zamu yako ya kurudisha huja saa ngapi?

Februari 2018, kwenye tamasha la mwaka mpya la televisheni ya taifa ya China, kulikuwa na igizo kuhusu treni ya Mombasa na Nairobi. Mwigizaji wa Kichina alipakwa weusi, akafungwa makalio ya bandia, akabebeshwa kapu la matunda kichwani, na pembeni yake mtu kavalishwa kama nyani. Walilalamika Waafrika, wakalalamika na Wachina. Anachokitaka bwana wako wa Ijumaa ni igizo lilelile, ila kwako anaokoa gharama ya rangi.

Na mgeni kuchekesha kwa Kichina fasaha si jambo geni huko. Mkanada Mark Rowswell, ambaye Wachina humwita Dashan, yaani Mlima Mkubwa, alipata jina kwenye televisheni mwaka 1988, kisha akawa mwanafunzi wa Jiang Kun, bingwa wa xiangsheng. (Najua umechoka kuambiwa Kichina chako ni kizuri ila cha Dashan ni kizuri zaidi.) Xiangsheng ni vichekesho vya Kichina, mara nyingi vya mazungumzo ya watu wawili: mmoja anatia chumvi, mwenzake anamwitikia na kumbana. Kichekesho chenyewe wanakiita baofu, furushi. Unalifunga taratibu mbele ya watu, unatia kitu kimoja kimoja, halafu unalikung'uta ghafla. Wewe pale umefanywa furushi lenyewe.

La kukung'uta unalo. Darasani ulifundishwa kwamba haizi ni mtoto. Mtaani Sichuan, jimbo la hiyo Chengdu yako, wenyeji wakisema haizi wanaweza kuwa wanasema kiatu. Mama wa usafi bwenini anapolalama ngazini kwamba haizi wake mmoja amepotea, tena yule wa kushoto, mwanafunzi aliyekariri kamusi si atakimbilia polisi? Mzaha huo wa maneno wenyeji wanaujua siku nyingi. Lakini ukitoka kwa Mnyamwezi aliyekesha na vitabu, wao watajicheka na lahaja yao, na wewe utajicheka na kamusi yako. Hapo sasa mmekuwa watani.

Yule mwenzako wa darasani mfanye mwitikiaji wako, muandike pamoja. Sikio lake litakuambia pale ambapo neno limelala vibaya. Mkishapata idhini, mpelekeeni mwenye ukumbi dakika tano za hayo. Akisema tena watu hawakuja kwa hayo, mmwageni. Na mambo ya jeshi msiyaguse kabisa. Mei 2023 mchekeshaji mwenyeji aliwatania mbwa wake kwa kaulimbiu ya jeshi, kampuni yake ikapigwa faini ya zaidi ya yuani milioni 13.

Imebaki mama. Mpigie Jumapili akishatoka kanisani au akishapika, wewe ndiye unayejua saa zake. Usianze na habari za ukumbi. Msimulie kwanza kile kiatu cha kushoto, kwa lugha ya nyumbani. Akicheka, atakuuliza mwenyewe umekitoa wapi.