Sauti Inayoonyesha Njia

Ndugu mwanakisomo, baiskeli unaijua. Huenda umekuja nayo darasani leo, nayo imeegemea mwembe hapo nje. Huku kwetu Tabora na Shinyanga baiskeli hubeba maji, mkaa, magunia ya mpunga, hata mgonjwa anayepelekwa zahanati. Simu pia unaijua. Leo tutaviweka vyombo hivyo viwili pamoja. Tutajifunza jinsi simu ya kupangusa inavyoweza kukuambia njia kwa sauti wakati unaendesha, kona moja baada ya nyingine, bila wewe kuitazama.

Maneno "bila kuitazama" ndiyo makubwa katika somo hili. Kwa hiyo nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Nilipohamishiwa katika wilaya ninayofanya kazi sasa, sikuzijua njia za vijijini. Nilikuwa na simu yenye ramani. Niliishika simu kwa mkono wa kushoto, usukani kwa mkono wa kulia. Macho yakawa yanapanda na kushuka: ramani, njia, ramani, njia. Siku ya tatu nilikuwa nimeinamia ramani wakati baiskeli ilipofika kwenye kalavati lililobomoka ukingo. Niliangukia mtaroni. Goti lilichanika, na gurudumu la mbele likapinda. Niliikokota baiskeli kilomita sita mpaka kwa fundi. Fundi aliniuliza, "Ulikuwa unaangalia wapi?" Niliona aibu kumjibu.

Tupige hesabu kidogo. Baiskeli inayokwenda kilomita 15 kwa saa hupita mita 4 kila sekunde. Ukiinamia simu kwa sekunde 3 tu, umekwenda mita 12 kama kipofu. Katika mita 12 anaweza kutokea mtoto, mbuzi, au shimo. Ndiyo sababu tunataka simu iseme, nasi tusikie kwa masikio. Macho yana kazi nyingine.

Je, simu inajuaje mahali ulipo? Juu sana angani kuna vyombo vinavyoizunguka dunia. Vyombo hivyo huitwa setilaiti. Zile za mfumo uitwao GPS ziko juu kiasi cha kilomita 20,200. Ni mali ya serikali ya Marekani, lakini mtu yeyote duniani hupokea ishara zake bila malipo. Simu yako haitumi kitu huko juu. Inapokea tu, kama redio inavyopokea matangazo. Hupokea ishara za setilaiti nne au zaidi, hupima muda ambao kila ishara imetumia njiani, kisha hupata mahali ilipo. Penye anga wazi hukosea kwa mita 5 hivi. Chini ya miti mikubwa hukosea zaidi.

Hapo umeona kwamba kujua mahali ulipo hakuli bando. Kinachokula bando ni kuipata ramani. Basi ramani ipakue mapema, ukiwa mjini au mahali penye mtandao mzuri, uihifadhi ndani ya simu. Ukishafanya hivyo, unaweza kwenda porini kusikokuwa na mnara hata mmoja, na simu bado itakuambia upinde wapi.

Ramani hizo huchorwa na nani? Nyingine huchorwa na makampuni. Nyingine huchorwa na watu kama wewe na mimi. Ramani iitwayo OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza mwaka 2004, na mtu yeyote anaruhusiwa kuongeza njia ya kijijini kwake. Hapa Tanzania, mwaka 2015, ulianza mradi wa Ramani Huria mjini Dar es Salaam. Wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa walizunguka kwa miguu wakichora njia, mitaro na nyumba katika sehemu zinazokumbwa na mafuriko. Mwaka huohuo watu wa Crowd2Map walianza kuviweka vijiji vya Tanzania katika ramani hiyohiyo. Kazi yao imewasaidia wanaowaokoa wasichana wanaokimbia ukeketaji huko Mara, maana huwezi kumfuata msichana katika kijiji ambacho njia yake haimo katika ramani yoyote.

Kuna programu ya bure iitwayo Organic Maps inayotumia ramani hiyo. Mimi huitumia kwa sababu mbili. Kwanza, hufanya kazi bila mtandao. Pili, unaweza kuiambia kwamba unakwenda kwa baiskeli. Jambo hili la pili usilipuuze. Ukichagua picha ya gari, simu itakupeleka barabara kuu yenye malori na mabasi. Ukichagua picha ya mtu anayetembea, inaweza kukupitisha kwenye kijia cha mawe, baiskeli ikakuwa mzigo begani. Chagua picha ya baiskeli. Wengi wenu mna Google Maps katika simu zenu. Hiyo ni nzuri, lakini mtandao ukikosekana, nayo ikabaki na ramani uliyoipakua, huelekeza wenye magari tu.

Sasa lugha. Kiswahili kimo katika lugha za Organic Maps, lakini anayetamka maneno ni simu yenyewe. Simu isiyo na sauti ya Kiswahili ndani yake itasema Kiingereza, au itanyamaza kabisa. Fungua mipangilio ya simu, tafuta mahali pa kusoma maandishi kwa sauti, uone kama Kiswahili kipo. Kama hakipo, kipakue siku hiyohiyo unayopakua ramani. Sauti utakayoisikia haina lafudhi ya kwenu. Inatamka kama mgeni aliyefundishwa Kiswahili chuoni. Utaizoea.

Hapa ndipo kusoma na kuandika kwako kunapohitajika. Simu haiwezi kukuelekeza mpaka uiandikie unakokwenda. Ukikosea herufi moja, ukaandika R mahali pa L, inaweza kukuambia mahali hapo hapapo. Tena vijiji vingi vya nchi yetu vina majina yaliyofanana. Majengo ziko nyingi. Songambele ziko nyingi. Siku moja niliandika Songambele, nikaweka simu mfukoni, nikapanda baiskeli. Kwa bahati nikakumbuka kusoma idadi ya kilomita. Simu ilikuwa imeandika kilomita 140! Songambele yangu iko kilomita 11. Kabla ya kuondoka, soma jina la wilaya, na usome kilomita. Ukiona kilomita hazilingani na safari unayoifahamu, simama.

Sauti haisemi kama jirani yako. Jirani husema, "Ukifika kwenye mbuyu, kata kushoto." Sauti husema, "Baada ya mita mia mbili, pinda kushoto." Haijui mbuyu. Kwa hiyo ni lazima ujue mita mia mbili ni umbali gani. Gurudumu la baiskeli ya inchi 28 likizunguka mara moja, umekwenda mita 2 na robo hivi. Likizunguka mara 45, umekwenda mita 100. Funga kitambaa chekundu kwenye spoku moja, kokota baiskeli kutoka mlango wa darasa, na hesabu mpaka 45. Weka jiwe hapo. Kisha simama mlangoni, utazame lile jiwe. Ukifanya hivyo mara mbili au tatu, jicho litazizoea mita 100. Kwa mwendo wa kawaida, mita 200 huisha kwa kama dakika moja kasoro. Una muda wa kutosha kujiandaa, huna haja ya kushtuka.

Kujiandaa kwenyewe ni muhimu zaidi upande wa kulia. Sisi huendesha kushoto mwa barabara. Kupinda kushoto ni rahisi, huvuki mtu. Kupinda kulia ni kuyavuka magari ya nyuma na ya mbele. Sauti ikisema "pinda kulia", inajua kona tu. Haijui kuna lori nyuma yako. Geuza kichwa utazame nyuma, nyoosha mkono wa kulia, tazama mbele, ndipo upinde. Kama magari ni mengi, shuka pembeni, ungoja, uvuke ukiikokota. Kwenye kipilefti mimi hushuka kila mara, sauti iseme itakalosema.

Simu uiweke wapi? Mimi huiweka katika mfuko wa shati wa kifuani wenye kifungo, kipaza sauti kikiangalia juu. Kioo hukizima, sauti inaendelea, na betri haiishi upesi. Vijana hupenda kuziba masikio yote mawili kwa hedifoni. Hiyo ni hatari. Gari linalokupita hutoka nyuma, upande wako wa kulia. Kama ni lazima kuvaa, vaa sikio la kushoto tu, la kulia liachie barabara. Ukitaka kutazama ramani, simama kabisa na uweke mguu chini.

Nimebakiza jambo la mwisho, nalo ndilo lililonifanya niandike somo hili.

Masika moja nilikuwa nikienda kutembelea darasa la kisomo ng'ambo ya mto. Sauti ilisema, "Endelea moja kwa moja." Nikaendelea. Mvua ilikuwa imekatika, njia ilikuwa inateleza, na mimi nilikuwa nimechelewa. Nilipokaribia bonde nilisikia kishindo cha maji, lakini sauti haikubadilika. Kando ya njia walikuwa akina mama watatu wenye kuni. Mmoja aliniita.

"Mwalimu, unakwenda wapi? Daraja limechukuliwa na maji tangu juzi."

"Shikamoo mama. Simu inasema njia ni hii."

"Marahaba. Basi itangulie simu."

Wenzake walicheka. Nami nilishuka, nikaenda mpaka ukingoni kwa miguu. Palibaki nguzo mbili tu, na maji mekundu yanapita katikati yakiwa na magogo. Kama ingekuwa usiku, nisingeziona hata hizo nguzo. Ramani ile ilichorwa wakati wa kiangazi, na aliyeichora hakukosea. Daraja lilikuwapo.

Akina mama wale walinielekeza daraja la juu: rudi mpaka kwenye mkwaju ulioungua na radi, shika njia ya ng'ombe, usiiache mpaka uone mashine ya kusaga. Nilifuata. Njia nzima simu mfukoni ilinisihi nigeuke nyuma. Mwishowe niliizima. Nilifika saa moja na nusu baada ya muda wa somo. Katika wanakisomo 23, walikuwa wamebaki wanane, na koroboi ilikuwa imekwisha washwa.

Siku hizi, wakati wa mvua, napiga simu kwanza kwa mtu wa kule niendako. Namwuliza, "Mto umelalaje?" Akisema unapitika, ndipo naiandikia ramani safari yangu. Nikiwa njiani, nikisikia maji au nikiona watu wamesimama, nashuka.

KAZI YA WIKI HII

Andika kwenye daftari njia ya kutoka darasani hadi nyumbani kwako. Andika kama sauti ya simu inavyosema: mita ngapi, kisha kushoto au kulia. Usitaje mti wala nyumba ya mtu. Mpe mwenzako daftari akusomee kwa sauti, mstari mmoja mmoja, nanyi mwende kwa miguu mkifuata maneno hayo tu. Mmefika kwako, au mmefika kwa jirani?

Kisha zungumzeni darasani:

Ni njia gani za kijijini kwetu hazipitiki wakati wa mvua, na kuanzia mwezi gani?

Mgeni anayeongozwa na simu atazijuaje? Je, tunaweza kuweka kibao, na tuandike nini juu yake?