Mlango wa Kwanza wa Kazi ya Afya

Vijana wengi hudhani ya kuwa kazi ya afya ni ya daktari na muuguzi tu, na ya kwamba mtu asiyesoma sana hana nafasi yo yote ndani yake. Dhana hiyo si kweli. Katika Kenya uko mlango ambao mtu ajuaye kusoma na kuandika, tena aaminiwaye na jirani zake, aweza kuupitia: nao ni kazi ya Mhamasishaji wa Afya ya Jamii.

Mwezi wa Septemba, mwaka 2023, Serikali iliwatuma wahamasishaji wapatao 100,000 vijijini na mitaani, pamoja na mikoba ya vifaa vya kazi. Watu hawa hawaletwi kutoka mbali. Huchaguliwa na wenyeji wenyewe, mara nyingi katika baraza, kisha hufundishwa. Kila mmoja huangalia nyumba zipatazo 100, akiongozwa na msaidizi wa afya aliyeisomea kazi hiyo.

Kazi yenyewe ni ya namna gani? Mathalani, mhamasishaji aingia katika nyumba yenye mtoto wa miaka miwili. Humzungushia utepe wa kupimia katikati ya mkono wa juu. Rangi ya kijani, yaani sentimita 12.5 au zaidi, yaonyesha kuwa mtoto hana dalili ya kukonda. Rangi ya manjano ni onyo. Rangi nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, ni hatari kubwa, na mtoto hana budi kupelekwa kituo cha afya pasipo kukawia.

Kama mtoto huyo ana kikohozi, mhamasishaji hungoja atulie, kisha huhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Zikifika 40 au kuzidi, yamkini ni kichomi, nacho huua upesi. Hapo pia mtoto hupelekwa mara moja.

Basi ujuzi wa kwanza ni kuona hatari mapema, na kujua mpaka wa kazi yako. Mhamasishaji ajifanyaye daktari, akamweka mgonjwa nyumbani siku tatu, aweza kumpoteza mtu ambaye angalipona.

Jambo la pili ni kutunza siri. Akitoka nyumba ya kwanza na kuyasimulia katika nyumba ya pili yale aliyoyaona, atakuta mlango wa nyumba ya tatu umefungwa.

Yafaa pia kuyajua malipo kabla ya kuanza. Mwaka 2023 yalitangazwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Serikali ya Taifa na nusu kutoka kaunti. Hayo ni posho, wala si mshahara wa kutosha nyumba. Kwa hiyo mwenye shamba au biashara ndogo asiiache. Tena kazi hii haimpi mtu cheti cha uuguzi: atakaye kuendelea hana budi kurudi masomoni. Lakini atakwenda huko akiwa amekwisha kujifunza jambo kubwa, yaani kumtazama mgonjwa kwa makini.

Maswali ya kujipima
1. Utepe ukionyesha rangi nyekundu, yapasa kufanya nini?
2. Kwa nini pumzi huhesabiwa mtoto akiwa ametulia?
3. Ni nani katika kijiji chenu afaaye kuchaguliwa, na kwa sababu gani?