KUONGOZA WATU NA KUSIMAMIA KAZI
Somo kwa kila aliyepewa watu wa kuwafanyisha kazi

FASILI YA KWANZA: Maana ya maneno haya mawili

Yapasa msomaji ajue ya kwamba kusimamia na kuongoza ni mambo mawili, ijapokuwa mara nyingi hutakiwa kwa mtu mmoja. Kusimamia ni kuipanga kazi: kuhesabu watu, kupima sehemu ya kila mmoja, kugawa majembe, kuandika kipande, na kutazama ya kuwa lililoamriwa limetendeka. Kuongoza ni kuwafanya watu waijue sababu ya kazi, wairidhie, na waendelee nayo hata asipokuwapo wa kuwatazama.

Wala moja halitoshi bila la pili. Mnyapara aweza kuwa na daftari safi na watu waliochukizwa. Na mzee apendwaye aweza kukusanya watu mia, kisha jua likachwa bila jembe kupigwa, kwa kuwa hapana aliyeipanga kazi.

FASILI YA PILI: Habari ya matuta ya Uluguru

Mfano wa jambo hili hauko mbali. Atokaye Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, akaishika njia ya Kisaki, hufika Matombo. Milima hii yapita mita 2,600 kwenda juu, nayo ndiyo itoayo maji ya mito ya Ruvu na Ngerengere. Waluguru hulima katika miteremko mikali, na mvua huuchukua udongo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Kiingereza iliyotawala Tanganyika ilifanya mpango wa kuuhifadhi udongo huo. Shabaha yake haikuwa mbaya. Watu waliamriwa wakate matuta ya ngazi, wala wasichome moto mashamba. Mabwana shamba wakapelekwa, na asiyetii akatozwa faini. Kwa upande wa usimamizi kazi haikupungukiwa: ilikuwa na vipimo, wakaguzi na adhabu.

Lakini udongo wenye rutuba katika sehemu nyingi za milima ile ni mwembamba. Tuta likikatwa, udongo wa juu hufukiwa, na ule wa chini usio na nguvu hutoka nje. Mbegu ikipandwa humo hudhoofika. Mkulima aliyaona haya katika shamba lake mwenyewe, ila aliyekuja kukagua alikuja kutazama matuta, hakuja kutazama mavuno.

Tena, kwa desturi ya Waluguru ardhi hugawanywa na wakuu wa koo, na hao ndio waliosikizwa katika mambo ya shamba. Amri hii ilipita kwa Sultani na watumishi wa utawala wa wenyeji, ambao nguvu yao ilitoka kwa Serikali. Basi wenye cheo wakaamrisha, na wenye kusikizwa wakawekwa kando.

Mwezi wa Julai 1955 watu wengi walikusanyika Matombo kuyakataa matuta. Hapana shaka siasa nayo ilikuwamo, kwani chama cha TANU kilikuwa kimeundwa mwaka 1954. Lakini siasa hupata kuni palipo na uchungu. Ghasia zikatokea, polisi wakapiga risasi, na mtu akafa. Baada ya hayo kulazimisha matuta kukaachwa.

FASILI YA TATU: Lililokosekana

Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Habari hii yaonyesha ya kuwa mkuu asiyesikia la wadogo naye huvunjika. Mkulima hakuwa mvivu, kwani mlima ule haulimwi na mvivu. Alikosa kuonyeshwa faida, akakosa wa kumsikiliza alipoona hasara, na hakumwona mwenye amri akishiriki taabu yake. Utii wake ulikuwa wa kuogopa faini, na utii wa namna hiyo hudumu kadiri ya kudumu kwa hofu.

FASILI YA NNE: Mifano ya kazi iliyoongozwa

Mwaka wa 5 wa Hijra (627), Madina ilipokabiliwa na maadui, shauri la kuchimba handaki lilitoka kwa Salman Alfarsi, mtu wa Uajemi, wala halikukataliwa kwa ugeni wake. Imepokewa ya kuwa kila watu kumi walipimiwa dhiraa arubaini: huo ni usimamizi. Na Mtume (s.a.w.) mwenyewe alichukua udongo pamoja nao, akiwa na njaa kama wao: huo ni uongozi.

Na katika Uluguru yenyewe, miaka iliyofuata 2006, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango upande wa Kibungo, ambamo wakulima waliotaka walihifadhi udongo kwa mapatano, wakikata matuta na kupanda miti, na malipo yakatoka kwa watumiao maji ya Ruvu huko chini, DAWASCO wakiwamo. Milima ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni ya kwamba mkulima aliingia kwa hiari, na faida yake ikatajwa tangu mwanzo.

FASILI YA TANO: Yampasayo aliyepewa watu

1. Kabla ya kupima kazi, aieleze sababu yake kwa maneno ambayo mfanyaji aweza kuyarudia nyumbani kwake.
2. Awatafute wanaosikizwa na wenzao, hata kama hawana cheo, ashauriane nao.
3. Akague matunda ya kazi, si hesabu yake tu.
4. Aletewapo habari mbaya asimwadhibu aliyeileta, asije akanyimwa habari siku ya hatari.
5. Ashike jembe mara kwa mara, apate kujua uzito wa anachokiamuru.
6. Asiache daftari wala kipimo, kwa kuwa mapenzi bila utaratibu huwachosha watu bure.

MASWALI
(1) Je, matuta yangalikubaliwa kama wakuu wa koo wangaliulizwa kwanza? Toa sababu.
(2) Katika habari ya handaki, onyesha pa msimamizi na pa kiongozi.
(3) Msimamizi akiondoka kazini siku tatu, ni dalili gani itaonyesha kama alikuwa kiongozi pia?