Tangi Lililojaa Njiani

Soma kwanza: Mathayo 5:23-24 na Luka 19:1-10

Agosti iliyopita mimi, mke wangu na watoto wetu wawili tulimtembelea kaka yangu mkubwa huko Kansas, Marekani. Akakodi gari kubwa lenye nyumba ndani yake: vitanda, jiko la gesi, friji, hata choo na bafu. Wenyewe huliita RV. Tukaingia watu saba, familia mbili, safari ya kwenda milima ya Rocky katika jimbo la Colorado. Pastor wetu mkuu ameniruhusu niandike haya. Mkiendelea kusoma mtaelewa kwa nini nilihitaji ruhusa.

Barabara kuu namba 70 inalikata jimbo la Kansas kutoka mashariki hadi magharibi, karibu kilomita 680, na sehemu kubwa imenyooka kama rula. Ngano ilikuwa imeshavunwa, yamebaki mabua. Ghala la nafaka unaliona mbali huko, unaendesha, unaendesha, bado liko palepale. Upepo unalipiga gari kwa ubavu mpaka kaka anashika usukani kwa mikono yote miwili. Lakini tambarare ile inadanganya. Tulipoanzia, Kansas City, ni chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari. Ukifika mpaka wa Colorado uko karibu mita 1,200. Unapanda siku nzima na macho hayaoni kitu. Injini ndiyo inajua, pamoja na yule anayelipia petroli.

Sasa, gari lile lina matangi matatu. Moja la maji safi, la pili la maji ya kuoshea vyombo na kuoga, la tatu la choo. Ukutani kuna taa ndogo za kuonyesha tangi limefika wapi. Jioni ya kwanza taa ya choo ikaonyesha limejaa. Kaka akasema, tutamwaga kesho. Tukafungua madirisha, tukapulizia manukato ya shemeji, tukala wali kwa furaha. Usiku wa manane hakuna aliyekuwa na furaha.

Asubuhi, hapo Goodland, kaka akaniita nje. “Pastor, njoo ujifunze huduma.” Kuna shimo maalum, unaunganisha bomba nene, unafungua koki. Unaanza na tangi la choo, halafu lile la maji ya vyombo, ndipo maji yale yasafishe bomba. Ukianza na lile jepesi, bomba linabaki na uchafu. Watoto walikuwa dirishani wakicheka. Mimi nilicheka pia, lakini kitu kilinichoma.

Wapendwa, miaka saba iliyopita, kabla sijaingia kwenye utumishi, kaka alinitumia shilingi 180,000 niezeke upya nyumba ya mama kijijini. Mimi nilikuwa nimefungua duka la vifaa vya simu na stoki imeisha. Nikasema moyoni, nitazungusha hizi pesa miezi mitatu, nirudishe na faida. Duka likafa. Nikamwandikia kaka ripoti ya matumizi: mabati, mbao, misumari, fundi, usafiri. Ilikuwa nadhifu, kama tulivyofundishwa chuoni, na hesabu zilijumlika sawasawa. Zote zilikuwa uongo. Mama nikamwambia pesa za kaka zimechelewa. Nyumba niliiezeka mwenyewe pole pole, ikachukua miaka miwili.

Nilitubu mbele za Mungu. Nililia madhabahuni, na naamini Mungu alinisikia. Basi nikaona hesabu imefungwa. Lakini mtu aliyesomea biashara anajua kwamba mdaiwa hawezi kujifutia deni. Anayefuta ni anayedai. Mimi nilikuwa nimejifutia, halafu nikapanda mimbari.

Angalieni Mathayo 5. Yesu anamzungumzia mtu ambaye tayari yuko madhabahuni, sadaka mkononi. Hasemi umalize ibada ndipo umtafute ndugu yako. Anataka sadaka iachwe palepale, mtu aende kwanza kupatana, kisha arudi. Na anayetakiwa kwenda ni yule ambaye ndugu yake ana neno juu yake. Nilikuwa nikijitetea kwamba kaka hana neno nami kwa sababu hajui. Hicho ni kichaka tu. Alikuwa hajui kwa sababu mimi ndiye nilimficha.

Goodland saa inarudi nyuma kwa saa moja, kwa hiyo tuliondoka mapema. Nilikaa kiti cha mbele, wengine wamelala. Barabara kama ile ina neema yake: mnazungumza bila kutazamana. Tulipovuka mpaka wa Colorado nikamwambia yote, pamoja na ile ripoti.

Hakusema kitu. Nilitarajia aulize pesa. Baada ya kama dakika kumi akauliza, “Hiyo miaka miwili, mvua ikinyesha mama alikuwa analala wapi?”

Nikamwambia, jikoni.

Akaendesha zaidi ya saa moja na nusu bila neno. Tulipita Limon. Kisha kijana wangu akaamka na kusema kuna mawingu mbele. Binamu yake akasema si mawingu, ni milima. Wakabishana. Pikes Peak ilikuwa mkono wa kushoto, mita 4,302, na kijana wangu akatangaza kwamba Mlima Kenya ni mkubwa zaidi. Ni kweli, wetu una mita 5,199. Shemeji akacheka. Kaka hakucheka.

Jioni tulipoegesha kati ya misonobari alinishika bega. “Nimekusamehe, lakini nipe muda. Mama utampigia wewe mwenyewe. Na pesa utarudisha, zote.” Mke wangu alisikia pale, kwa mara ya kwanza. Hiyo ni habari nyingine, na tunaendelea kuizungumza nyumbani.

Zakayo alirudisha mara nne. Mimi kaka alinidai mara moja tu: shilingi 10,000 kwa mwezi, ziende kwa mama. Nilimpigia mama kesho yake asubuhi. Alinyamaza, kisha akauliza kama huko milimani watoto wamevaa sweta.

Bado nina miezi kumi na moja.