Kutunza Mkusanyiko wa Muziki: Kutoka Santuri hadi Kompyuta

Kila chombo cha kuhifadhia muziki huacha alama yake kwenye wimbo na kwenye mazoea ya msikilizaji. Santuri, yaani mabamba ya duara yenye mfuo unaofuatwa na sindano, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, kama zile alizorekodi mwimbaji Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928, zilibeba takriban dakika tatu kila upande. Hata zilipokuja santuri ndogo za mizunguko 45, wimbo mrefu wa dansi mara nyingi ulikatwa vipande viwili, na msikilizaji alilazimika kuinuka kugeuza upande ili aufikie mchemko, yaani sehemu ya kasi, wa magitaa. Kanda ya kaseti, iliyoletwa na Philips mwaka 1963, ilimpa uwezo mpya: aliweza kurekodi mwenyewe kutoka redioni, na nyimbo nyingi zilizorekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam ziliingia majumbani kwa njia hiyo.

Anayetaka kuhamishia kanda hizo kwenye kompyuta huanza kwa kuvunja vijimeno viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kanda, ili isifutwe kwa bahati mbaya, kisha huipeleka mbele hadi mwisho na kuirudisha, ili utepe ujikunje upya kwa mkazo ulio sawa. Kichwa cha kusomea cha mashine ya kaseti, yaani kipande cha chuma kinachogusana na utepe, husafishwa kwa pamba yenye spiriti kidogo na kuachwa kikauke. Kurekodi kwenyewe kufanywe kwa mfumo wa WAV, ambao hauondoi chochote katika sauti iliyorekodiwa, tofauti na MP3 inayopunguza sehemu za sauti ili faili liwe dogo. Saa moja ya WAV yenye ubora wa sidi huchukua megabaiti 635 hivi, na nakala mbili zihifadhiwe mahali tofauti.

Kazi inayopuuzwa zaidi, ingawa ndiyo yenye thamani kubwa, ni kuandika maelezo. Faili lenye jina la mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe peke yake halionyeshi kama ni kazi ya bendi ya Morogoro Jazz au ya Super Volcano, bendi aliyoianzisha mwaka 1973. Kwa hiyo jina la wimbo, mtunzi, bendi na mwaka viandikwe pale vinapojulikana, na jalada lenye mwandiko wa mkono lipigwe picha. Panapokosekana maelezo, mkusanyaji aketi na wazee waliocheza nyimbo hizo ukumbini, awasikilizishe upande mzima bila kurukaruka, kwa kuwa wapo wanaomtambua mwimbaji tangu ubeti wa kwanza, na ujuzi huo usipoandikwa wangali hai, hakuna mashine itakayourudisha.