Sungura wangu hanyonyeshi?

Swali: Sungura wangu amezaa juzi. Tangu hapo sijamwona akinyonyesha. Hujikalia pembeni mwa banda. Niwape watoto maziwa ya ng'ombe?

Jibu: Maziwa ya ng'ombe yaache. Sungura halali na wanawe kama paka. Huingia kiotani mara moja au mbili kwa siku, aghalabu usiku au alfajiri, akanyonyesha dakika chache tu, akaondoka. Huko porini, kukaa mbali kunasaidia kuwaficha watoto wasigunduliwe na wanyama walao nyama.

Cha kuangalia ni matumbo. Asubuhi nawa mikono, funua manyoya ya kiotani taratibu. Tumbo likiwa la mviringo, mtoto ameshiba. Ngozi ikiwa imekunjamana na mtoto hatulii, ana njaa. Wote wakiwa hivyo, muite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Usiogope kuwagusa: mama aliyekuzoea hatawakataa kwa sababu ya harufu yako. Aliyekufa mtoe.

Mama naye asikose maji hata saa moja, maana ndiyo maziwa yenyewe. Nyasi kavu ziwepo muda wote. Na dume? Mtenge leo, kwani jike huweza kushika mimba tena mara tu baada ya kuzaa.