Wananchi na Sura ya Daraja

Zamani daraja lilipojengwa, mainjinia walichora, vibarua wakajenga, nao wenyeji wakalitazama lilipokwisha. Siku hizi sheria yataka vingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 10, yataja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa misingi ya utawala; na kabla ya hapo, kanuni za mazingira za mwaka 2003 ziliagiza mwenye mradi afanye mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoguswa na kazi yake. Lakini je, watu hao waulizwe nini?

Mwaka 2007 daraja kubwa lilianguka katika Mto Mississippi, mjini Minneapolis, Marekani, watu 13 wakafa. Kabla ya kujengwa jipya, raia waliitwa kukaa siku nzima pamoja na mainjinia, wakachagua umbo la nguzo na rangi nyeupe. Hesabu za nguvu hazikupigiwa kura, na ndivyo ipasavyo. Daraja likafunguliwa Septemba 2008.

Nguvu hutangulia uzuri. Watu wa Budalangi, chini ya Mto Nzoia, wayajua hayo, maana daraja la Sigiri lilianguka tarehe 26 Juni 2017, hata kabla halijakwisha.

Basi, likiitishwa baraza Lugulu, kwenye njia ya Webuye na Kitale, kwa ajili ya daraja la kijito tu, wenyeji wanayo mengi ya kusema. Mzee akaaye kando ya mto ajua maji ya mafuriko yalifika mti gani. Kwa neno hilo moja injinia hupata kimo cha daraja. Mama aendaye sokoni na kikapu kichwani ataka njia yake mbali na malori. Watoto wa shule wahitaji vyuma vya ukingo vilivyokaribiana, wasiweze kupenya.

Tena uzuri si lazima uwe ghali. Daraja la Salginatobel huko Uswisi, lililokwisha mwaka 1930, lasifiwa duniani kote kwa upinde wake mwembamba. Nao mchoro wa Robert Maillart ulipendelewa kwa unafuu wa gharama.

Michoro ya mainjinia ni migumu kusoma, hata kwa wasomi. Yafaa mfano wa udongo au mbao uwekwe sokoni siku ya gulio, wakati ambapo ungali waweza kubadilishwa.